Usalama wa Nani? Hotuba kwa Wanamageuzi na Waumini wa Kitui na Makueni



Tumepewa mada nzito: usalama wa taifa na uhuru wa raia, na jinsi ya kuvipima viwili hivyo katika mizani moja. Usalama ni neno la heshima. Ndilo tunaloulizana tunapokutana njiani, ndilo tunaloliombea madhabahuni. Lakini kwa miaka mingi wananchi wa nchi hii walifundishwa kulisikia kwa masikio mengine. Mtu alipoambiwa, "Watu wa usalama walikuja kukuulizia," hakushukuru kwamba amekumbukwa. Alitafuta pa kulala usiku huo.

Wengi wenu mnatarajia tuanze na makosa ya polisi. Tutayafikia. Kwanza tukiri jambo ambalo wanamageuzi wa mijini hulisahau: hatari ipo. Waumini wetu wanaoishi Mutha, Endau, Ngomeni na Tseikuru hawahitaji kuelezwa maana ya kulala kichakani na watoto kwa sababu bunduki imelia upande wa malisho. Kiangazi kinapozidi, ngamia huvuka kutoka ng'ambo kutafuta maji na majani, mashamba huliwa, wachungaji na wakulima hukabiliana, na mara nyingine damu humwagika. Mjane wa huko akimsikia msomi kutoka Nairobi akihubiri haki za washukiwa, ana ruhusa ya kuuliza: na haki ya mume wangu? Swali hilo halijibiwi kwa vifungu vya Katiba peke yake. Serikali isiyolinda uhai wa watu wake imeshindwa na kazi yake ya kwanza. Kwa hiyo hatukuja hapa kudai askari waondoke. Tumekuja kuuliza wanatumwa na nani, kwa amri gani, na wakikosea watajibu mbele ya nani.

Watu wa Ukambani walilijua swali hili mapema. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ni wengi mno na wanaharibu udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Wazee waliuona kwa macho yao. Lakini dawa iliyoletwa ilikuwa kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa lazima, kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwasubiri. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association wakawaongoza wananchi, waume kwa wake, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa wakidai kumwona gavana. Hawakubeba silaha. Serikali ikamkamata Muindi Mbingu na kumhamishia Lamu, mbali na watu wake. Hata hivyo uuzaji wa lazima uliachwa kabla ya mwaka kwisha. Tunakikumbusha kisa hiki kwa sababu kina umbo lote la mambo yaliyofuata: tatizo ni la kweli, mashauriano yanarukwa, nguvu inaletwa, na anayelalamika anaitwa adui wa amani.

Oktoba 1952 ikaja Hali ya Hatari. Ninyi wa Makueni mkisafiri kwenda Pwani mnapita Manyani, mbele ya Mtito Andei. Maelfu ya watu walizuiliwa pale bila kesi. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Mwaka huo huo Waingereza walitunga Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, ili uwezo wa kuwazuia watu ubaki hata baada ya tangazo la hatari kufutwa. Mkoloni alipofungasha virago vyake, sheria hiyo aliiacha mezani. Tuliirithi pamoja na viti vya ofisi. Mwaka 1966 serikali yetu wenyewe ikaitia makali, na wa kwanza kuyaonja walikuwa wafuasi wa KPU.

Sasa tuseme jambo lisilopendeza kusemwa katika ukumbi huu. Ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, Kenya huru ilitawala kwa amri maalumu tangu vita vya shifta vilivyoanza mwaka 1963. Kanuni za mwaka 1966 ziliwapa maofisa wa huko nguvu ambazo mkuu wa wilaya ya Kitui hakuwa nazo. Mwananchi aliyesimama upande wa Kitui alikuwa chini ya sheria moja. Akivuka kuingia Tana River alikuwa chini ya nyingine, ingawa jua lililomchoma lilikuwa lile lile. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Februari 1984, katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, wanaume waliokusanywa katika msako wa usalama walishikiliwa kwa siku kadhaa na wengi wakauawa. Mpaka leo hesabu yao inabishaniwa. Amri hizo za hatari hazikuondolewa hadi Novemba 1991.

Je, sisi wa Kitui tulisema nini katika miaka hiyo yote? Tulinyamaza. Wengine wetu tulifurahi kimoyomoyo, tukidhani mkono mzito kule ni usalama wetu huku. Wahenga walituambia mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hatukutia maji. Na mashambulizi hayakukoma. Miaka karibu thelathini ya utawala wa amri haikutuletea hata usiku mmoja tuliohakikishiwa. Tuliuza haki ya jirani, na bei yake hatukulipwa.

Wembe ukatufikia. Mwaka 1982, mwaka ule ule ambao Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria, Willy Mutunga, mwana wa Kitui na mhadhiri wa sheria, aliwekwa kizuizini hadi mwaka uliofuata. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mzuiliwa huyo angekuja kuwa Jaji Mkuu. Mwaka 1986 na 1987 wengine walipitia vyumba vya chini vya Nyayo House, wakamwagiwa maji na kunyimwa chakula ili wakiri. Mwaka 1988 Katiba ikarekebishwa: mshukiwa wa kosa la kunyongwa aweze kukaa mikononi mwa polisi siku 14 badala ya saa 24, na majaji waondolewe ulinzi wa kazi zao. Fikirini mambo hayo mawili kwa pamoja. Giza linaongezwa muda, na yule ambaye angeleta taa anaambiwa anaweza kufutwa. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano wa Kamukunji, wakazuiliwa kabla ya siku yenyewe kufika. Sababu iliyotajwa ilikuwa ile ile ya kila siku.

Huku vijijini mambo hayakuwa na majina makubwa namna hiyo. Tulikuwa na Sheria ya Mamlaka ya Machifu, nyingine ya urithi wa kikoloni, iliyomwezesha chifu kukataza mikusanyiko na michango na hata kuwalazimisha watu kufanya kazi. Tulikuwa pia na Sheria ya Utengamano wa Umma, iliyotaka leseni ya mkuu wa wilaya kabla ya mkutano wowote wa hadhara. Tunakikumbuka kikundi kimoja cha akina mama, upande wa Makueni, waliokwenda mwethya kuchimba matuta, kazi ambayo serikali yenyewe ilikuwa ikiisifu redioni. Walipomaliza waliketi chini ya mti kuhesabu michango yao ya mbegu. Askari wa utawala akatokea kuuliza kibali kiko wapi. Kukusanyika bila ruhusa kulikuwa kosa, kuchanga fedha bila ruhusa kulikuwa kosa, nao walikuwa wametenda yote mawili katika alasiri moja. Walitoa kuku wawili, yakaisha. Ndiyo maana siku hizo matanga yalikuwa bunge letu: hakuna aliyethubutu kudai leseni ya kumzika mtu.

Na kanisa? Makanisani tulisomewa Warumi sura ya 13 mpaka kurasa zikachakaa: kila mtu aitii mamlaka. Hatuikani sura hiyo. Lakini Paulo aliyeiandika ndiye yule tunayemkuta katika Matendo ya Mitume sura ya 22, amefungwa kamba tayari kupigwa mijeledi, akimwuliza akida kama sheria yamruhusu kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Hakusema mamlaka haifai. Aliikumbusha mamlaka sheria yake yenyewe, na jemadari akaogopa. Tungependa kusikia mahubiri zaidi juu ya sura hiyo ya pili. Wako walioyahubiri, na walilipa: Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa Uhuru Park, Kanisa la All Saints liliwafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya kanisa hilo hilo kwa virungu na mabomu ya machozi, na Mchungaji Timothy Njoya akapigwa.

Mwaka huo wa 1997 ndio ulioleta mabadiliko ya kwanza ya maana. Kivutha Kibwana, mwana wa Makueni, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Baraza la Mkutano wa Taifa lililosema bila mageuzi hakuna uchaguzi. Wabunge wakajifungia wenyewe katika kikundi cha IPPG, wakaafikiana, na kabla ya uchaguzi wa Desemba sheria kadhaa zikarekebishwa. Sisi tulikuwa pamoja na wale waliosema IPPG imekata pembe na kumwacha fahali hai. Bado tunaamini hivyo. Hata hivyo, tusiwe wachoyo wa shukrani: kanuni za kuzuia watu bila kesi ziliondolewa, kazi ya lazima ya chifu ikaondolewa, na leseni ya mikutano ikafa.

Leseni ilikufa, lakini mzuka wake unazurura. Hadi leo wapo maofisa wanaowaambia vijana kwamba mkutano wao "haujaruhusiwa". Sheria inasema nini? Mwenye kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano humpelekea mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa itaje jina na anwani ya mwenye kuitisha, tarehe, saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali au njia. Ni taarifa, si ombi. Afisa anaweza kukataa mahali au saa hiyo kama mwingine amekwisha kutoa taarifa ya mahali pale pale na saa ile ile, naye anapaswa kusema hivyo. Siasa yako au kelele za wimbo wako si sababu.

Juu ya hayo yote iko Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Hiyo ndiyo mizani tuliyoombwa kuitafuta, na wengi wetu tunayo nyumbani juu ya kabati bila kuifungua. Kifungu cha 24 kinakubali kwamba haki zinaweza kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria iliyoandikwa, kwa sababu inayokubalika katika jamii huru, na kwa kiasi kinacholingana na sababu hiyo. Kifungu cha 25 kinataja yale yasiyoguswa hata siku ya vita: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, apate kesi ya haki, na aliyezuiliwa aweze kuletwa mbele ya jaji. Kifungu cha 49 kimerudisha saa 24. Kifungu cha 58 kinasema tangazo la hali ya hatari hudumu siku 14 tu, na kuliongeza kunahitaji thuluthi mbili ya Bunge la Taifa, kisha robo tatu ikiwa litaongezwa tena. Na kifungu cha 238 kinaweka usalama wa taifa wenyewe chini ya Katiba na Bunge. Someni hicho cha mwisho mara mbili. Usalama umewekwa chini ya sheria. Mababu zetu wa 1938 hawakuwahi kuona neno kama hilo.

Je, mizani imefanya kazi? Nusunusu. Mwishoni mwa 2014 nchi ililia kwa haki. Tarehe 22 Novemba watu 28 waliuawa katika basi huko Mandera, na tarehe 2 Desemba wachimba mawe 36. Katikati ya uchungu huo Bunge lilipitisha, kwa vurugu zilizotutia aibu, sheria ndefu ya kurekebisha sheria za usalama, nayo ikatiwa sahihi kesho yake, tarehe 19 Desemba. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane vyake, kikiwamo kile cha kuviziba vyombo vya habari na kile cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Wapo waliowaita majaji hao marafiki wa magaidi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa, na lawama zikaanza upya. Lakini mnakumbuka yaliyosemwa baadaye? Kikosi maalumu kilichelewa kwa saa nyingi kutoka Nairobi. Askari hawakuchelewa kwa sababu ya kifungu cha Katiba. Barabara ya Garissa inapita Mwingi, na haina jaji aliyelala katikati yake.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana, wengi wao waliozaliwa baada ya Saba Saba, waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 wengine waliingia Bungeni. Risasi zilipigwa, watu wakafa, na jeshi likaitwa. Mswada uliondolewa. Lakini katika miezi iliyofuata vijana walianza kuchukuliwa barabarani na watu wasiovaa sare, katika magari yasiyojulikana, na kufikia Desemba Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni. Kuvunja mlango wa Bunge ni kosa, na mahakama zipo kwa ajili yake. Kumnyakua mtu na kumficha ni jambo la aina nyingine kabisa. Kizuizi cha zamani kilikuwa kibaya, lakini kilikuwa na karatasi yenye sahihi. Mama alijua mwanawe yuko Kamiti au Manyani. Huyu wa leo hana karatasi, hana kituo, na kila ofisi inasema haimjui. Hatukutegemea kwamba siku moja tungeisifu karatasi ya kizuizi.

Tumefika pale ambapo baadhi yenu mtatukasirikia. Wiki mbili zilizopita tuliletewa ombi tulitie sahihi kwa niaba ya makanisa. Linaitaka serikali ifanye operesheni kali upande wa mashariki: ngamia wote wakamatwe, wageni wote wasio wa huko wafukuzwe, na "haki za binadamu zisubiri". Limetiwa sahihi na watu tunaowaheshimu, wengine wao wamezika. Tulilisoma usiku kucha. Tumekataa kulitia sahihi, na ni wajibu wetu kuwaeleza sababu ana kwa ana badala ya kuwaacha mzisikie sokoni.

Operesheni ya namna hiyo tunaijua. Haimtafuti aliyefyatua risasi. Yeye huwa wa kwanza kuondoka. Huwakuta mzee, mama na mtoto wanaozungumza lugha ya mshukiwa. Kosa la mmoja huwa kosa la ukoo, na mwaka unaofuata ukoo hurudi na bunduki zaidi. Pili, neno "zisubiri" hatuliwezi. Tangu 1960 haki zimeambiwa zisubiri kidogo, na kila aliyepewa nguvu hizo kwa ajili ya jirani alizitumia baadaye kwetu. Hatuna ujasiri wa kumwomba askari avunje mlango wa Msomali wa Tana River, kisha tumwombe ausalimu mlango wa mwanafunzi wa Kitui.

Lakini kukataa peke yake hakumlindi mtu wa Mutha. Kwa hiyo tumeandika barua nyingine, na tunaomba muisome kwa jicho kali. Inadai vituo vya polisi vyenye magari yanayotembea na mafuta ya kuyatembeza, karibu na visima ambako mapigano huanzia. Inadai polisi wa akiba waandikishwe, wafunzwe, na kila bunduki yao ijulikane kwa namba, kwa sababu bunduki isiyo na hesabu imekwisha kuua kwetu pia. Inadai kila anayekamatwa, mchungaji au mkulima, afikishwe mahakamani Mwingi, Kitui au Mutomo ndani ya saa 24, kesi iendelee, na mashahidi walindwe. Kesi zinazokufa kimya ndizo zinazozaa kisasi. Inadai mapatano ya malisho ya kiangazi yaandikwe na wazee wa pande zote mbili, wakiwamo wanawake, kabla ya mito kukauka na si baada ya maziko. Na inawataka viongozi wa makanisa yetu wakutane na maimamu wa Garissa na Tana River, jambo ambalo tumeliahirisha mara tatu kwa visingizio ambavyo hatuvitaji hapa kwa kuwa baadhi yake vilikuwa vyetu.

Kuna waliotuambia kwamba barua hiyo ni laini mno, na mmoja alisema hakuna mjane atakayeitia sahihi. Tuliipeleka Endau kabla ya kuja hapa. Wajane wawili waliisoma; mmoja alitia sahihi, mwingine alikataa, akasema atafikiri. Tunamheshimu huyo wa pili kama wa kwanza, na tumeahidi kurudi kumsikiliza.

Barua iko mezani karibu na mlango, pamoja na tafsiri yake ya Kikamba. Anayetaka kuibadilisha aandike maneno yake pembeni. Kamati itakaa kuyapitia Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, katika uwanja ulio nyuma ya soko, mbele ya yeyote atakayekuja. Taarifa ya mkutano huo imepelekwa kituoni jana. Afisa aliyeipokea aliuliza kama tumepewa ruhusa. Tulimwomba agonge muhuri kwenye nakala yetu, akagonga, nayo tunayo hapa.